Akina Rwamba na Mnara wa Chumvi

Ujumbe ulimkuta Rwamba uani, akizigeuza ndengu kwa mguu ili zikauke upande wa pili. Aliusoma akiwa amesimama juani. Akausoma tena. Kisha akaenda kuketi kwenye kivuli cha jiko, ausome mara ya tatu.

"Rwamba Mbogo," ujumbe ulisema, "ombi la Mnara wa Chumvi limesimamishwa. Kura nne zimepigwa kwa laini moja ya intaneti, siku moja, kwa majina haya: Rwamba Mbogo, Mbogo Rwamba, Rwamba Mbogo, Rwamba Nyamu. Tunaamini ni mtu mmoja anayechanganya maneno yale yale. Kama sivyo, wote wanne wajitokeze kwenye simu ya video leo saa tisa alasiri, kila mmoja na kitambulisho chake. Akikosekana hata mmoja wao, ombi litafutwa."

Chini kulikuwa na jina la mtumaji: Maxine, wa ofisi ya Ghala ya Nairobi.

Ghala lilikuwa duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta iliyozeeka, ile ambayo kampuni zilizoitengeneza zilikufa au zikaisahau. Mwaka huo duka lilikuwa limewauliza wachezaji wa dunia nzima swali moja: ni mchezo gani wa zamani mnaotamani uletwe kwenye Linux, ule mfumo wa bure unaoendesha hata kompyuta kuukuu? Michezo mitatu itakayoongoza ingechukuliwa, isafishwe na kurudishwa sokoni. Kura zilikuwa zimekwisha kufungwa. Mnara wa Chumvi ulikuwa wa tatu, na uliuzidi wa nne kwa kura moja tu.

Mnara ulikuwa mchezo wa safari na mapigano. Unaanza ukiwa mchimba chumvi asiye na kitu ila fimbo mkononi. Kila adui unayemshinda anakuongezea nguvu, kila mtu unayemsaidia au kumtupa anakukumbuka, hadi siku unapofika juu ya mnara ukiwa mtu uliyejitengeneza mwenyewe. Rwamba aliucheza mara ya kwanza akiwa kidato cha pili, kwenye kompyuta kuukuu ya mjomba wake kule Embu mjini. Halafu kompyuta mpya zikaukataa. Maduka yakauondoa. Ukabaki kwenye diski zilizokwaruzika na kwenye vichwa vya watu.

Watu hao walikuwa na ukurasa wa kuandika matamanio yao, na Rwamba alikuwa ameyasoma yote. Mwanamke wa Brazili alitamani kuucheza tena na mumewe, kwa kuwa ndani ya mchezo huo ndimo walimofahamiana. Dereva wa lori wa Poland alisema laptopu yake haiwezi kubeba Windows mpya na hana haja ya kununua nyingine. Ameweka Linux, inamtosha, kilichobaki ni Mnara wake. Mtu mwingine, ambaye hakusema anatoka wapi, aliandika: "Nataka niumalize kabla macho hayajanishinda."

Rwamba aliyasoma maneno hayo muda mfupi baada ya kumaliza chuo, akiwa amerudi nyumbani karibu na Siakago bila kazi. Hayakumtoka. Alianza kuuunda upya mchezo ule, kipande kwa kipande, ili ukubali Linux. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Sasa kazi ilikuwa imekamilika, lakini wenye hakimiliki walikuwa wamesema wazi: Ghala likiuchukua mchezo, sawa, lisipouchukua, watautia kufuli mwisho wa mwaka, na alichokitengeneza Rwamba hakitaruhusiwa kumfikia mtu yeyote.

"Unaumwa ama umekataa kazi?"

Babu yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nyumbani wote walimwita Guka.

"Guka, kuna watu wanasema mimi ndiye wewe."

"Hilo si mama yako amelisema tangu uzaliwe?"

"Hawa hawachezi. Wanasema wewe, Baba, mimi na Nyamu ni mtu mmoja. Mwizi wa kura."

Guka akanywa uji, akafikiri. "Mimi ni Rwamba Mbogo. Baba yako ni Mbogo Rwamba kwa sababu baba yangu alikuwa Mbogo. Wewe ni Rwamba Mbogo kwa sababu yangu. Nyamu wa Kiirua ni Rwamba kwa sababu yangu pia, lakini baba yake ni Nyamu. Wewe ukipata kijana utamwita nani?"

"Mbogo."

"Basi. Hiyo hesabu ngumu iko wapi? Hata kule zahanati hunipatia dawa zako za kifua, na ninakunywa, na sijafa."

Rwamba alicheka kidogo. Alikuwa akiiona upya siku ya kupiga kura. Ilikuwa Jumapili ya shukrani ya Guka, watu wa ukoo wamejaa uani, pilau iko motoni, naye akipita kutoka kiti hadi kiti na simu yake, akiwagawia wote bando lake la intaneti na kuwaeleza kuhusu Mnara. Walipiga kura mmoja baada ya mwingine, kwa majina waliyorithishwa. Hapa kwao Mbeere hakuna ambaye angeona ajabu. Ila mashine iliyokuwa mbali, isiyomjua mtu yeyote, iliona majina mawili yakigeuzwa mbele nyuma, nyuma mbele, kama karata mkononi mwa tapeli.

Baba yake, Mzee Mbogo, aliporudi kutoka shambani, alidai kuusoma ujumbe mwenyewe. Aliishika simu mbali na macho na kusoma polepole, midomo ikitembea. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye akiahidi kitu hakumbushwi.

"Jina langu limeandikwa pamoja na wezi," alisema.

"Baba, ni makosa yao."

"Mimi michezo siijui. Nilikubali kwa sababu ulisema itasaidia wale watoto wa Carol huko Kaaga."

Carol alikuwa dada mkubwa wa Rwamba, ameolewa Meru, mwalimu katika shule moja ya Kaaga ambako watoto wa chama cha kompyuta walitumia laptopu kuukuu zilizowekwa Linux. Likizo hii alikuwa amekuja nyumbani na kitinda mimba wake, mtoto wa miezi michache.

"Itawasaidia, Baba. Hizo laptopu haziwezi mchezo mwingine wa maana."

"Nitaketi mbele ya hiyo kamera," Mzee Mbogo alisema. "Lakini nikisikia uongo pale, hata kadogo, nitasimama niseme. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Kuna jambo lingine ambalo sijaambiwa?"

"Hakuna, Baba." Na Rwamba aliamini hivyo.

Alimpigia binamu yake wa Kiirua. Huyo alikuwa Rwamba Nyamu, lakini ukoo mzima ulimwita Nyamu ili asichanganywe na wenzake. Alikuwa akinunua viazi kwa wakulima wa Buuri na kuvipakia kwenye lori.

"Wajina!" Nyamu alipiga kelele juu ya upepo. "Sema haraka, nimebeba gunia."

Rwamba alimweleza.

"Yaani nitoke kwa video hivi nilivyo? Nimejaa udongo mpaka kwa masikio. Wataniona waseme hata mtu mwenyewe ni kiazi."

"Nyamu, usiponiokoa leo mchezo umekwisha. Kuja na kitambulisho, saa tisa, tafadhali."

Kicheko kikaisha upande wa pili. "Niko na kitambulisho. Shida ni netiweki. Hapa inashika tu ukiwa juu ya lori."

"Basi panda lori."

Saa tisa ilipokaribia, Rwamba aliiweka laptopu kwenye meza ya sebuleni, akakiondoa kitambaa kilichofumwa na mama yake. Guka aliketi katikati na koti lake la kanisani, akisinzia. Carol aliketi pembeni na mtoto mapajani. Rwamba alifungua orodha ya waliopiga kura kwa mwaliko wake ili awe na jibu kwa kila swali. Aliwapitia wote: wanafunzi wenzake wa Embu, walimu wa Kaaga, majirani. Karibu na mwisho akasimama.

"Carol. Mbogo Mutuma ni nani?" Mutuma lilikuwa jina la mume wa Carol.

Carol alimpangusa mtoto mate kidevuni. "Si huyu."

Rwamba alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama pia, macho makubwa, ngumi mdomoni.

"Ulimpigia mtoto kura?"

"Ulisema kila mtu wa familia. Huyu ni Baba mzima, ana jina la Baba, ana cheti cha kuzaliwa. Ningemwacha nje Baba?"

"Carol, hana hata meno!"

"Nilifanya kwa furaha, Rwamba. Watu walikuwa wanacheka, wanasema Mbogo mdogo naye apewe simu." Sauti yake ikashuka. "Wamemwandika kwa wale wezi?"

"Hapana. Hawamshuku. Hana jina la Rwamba, na ulitumia laini yako."

"Basi nyamaza. Wameshuku watu wa kweli wakamwacha huyu. Hilo ni lao. Mko mbele kwa ngapi?"

"Moja."

Wote wawili walimtazama mtoto tena. Mlango ukafunguka, Mzee Mbogo akaingia, amenawa uso, kitambulisho kimeshikwa kwa vidole viwili kama tiketi. Alivuta kiti akakaa kando ya Guka. Laptopu ikaanza kuita.

Maxine alikuwa msichana wa miwani, hakumzidi Rwamba kwa miaka mingi. Aliwasalimia kwa heshima, lakini hakutabasamu.

"Mimi ni mtu wa Busia," alisema, "na mambo ya majina nayajua kidogo. Lakini mfumo hauyajui, na wakubwa wangu walio ng'ambo wanataka ushahidi. Simu hii inarekodiwa. Tuanze na Rwamba Mbogo."

"Yupi?" Guka aliuliza.

"Mkubwa."

Guka alisukuma kitambulisho mpaka kikaifunika kamera.

"Mzee, kirudishe nyuma kidogo."

"Nilifikiri unataka kukiona."

"Nataka niwaone wote wawili, wewe na kitambulisho." Alinakili namba. "Ulipiga kura mwenyewe?"

"Kwa kidole changu. Huyu alinionyesha mahali."

"Na ulipenda mchezo huu kwa nini?"

Rwamba hakuwa ametarajia swali hilo. Aligeuka kumtazama babu yake.

"Huwa nakaa nyuma yake akicheza," Guka alisema. "Yule mchimba chumvi namjua sasa. Ninatamani nimwone akifika kule juu. Shida ni huyu wajina wangu. Anakimbilia vita, hajui kusubiri."

Midomo ya Maxine ilitikisika kidogo. Akamgeukia Mzee Mbogo.

"Mimi mchezo wenyewe siuelewi," Mzee Mbogo alisema bila kuulizwa, ameshika kitambulisho mbele ya kifua. "Lakini nimemwona kijana wangu akifanya kazi hii bila mtu kumsukuma. Nilipiga kura kwa ajili hiyo. Na sijaiba kitu cha mtu maisha yangu yote."

"Asante, Mzee. Sasa Rwamba Nyamu."

Kisanduku cha Nyamu kwenye kioo kilikuwa cheusi. Jina lipo, picha hakuna. Rwamba aliita. Alimtumia ujumbe. Alimpigia kwa simu nyingine, ikalia bila kujibiwa.

"Siwezi kungoja sana," Maxine alisema. "Nina mkutano na wakubwa, na lazima niwe na jibu la ombi hili nikiingia."

"Anakuja," Rwamba alisema. "Yuko Kiirua. Anatafuta netiweki."

Maxine alitazama saa yake. Mzee Mbogo alikuwa akisugua goti kwa kiganja. Kisha kisanduku kikawaka: mbingu, kona ya gunia, halafu uso wa Nyamu, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, upepo ukivuma ndani ya kinasa sauti. Alikuwa amesimama juu ya viazi.

"Niko! Niko hapa! Madam, niko!"

"Kitambulisho, tafadhali."

Nyamu alikitoa kwenye mfuko wa nyuma. Picha ikayumba ghafla, lori likianza kuondoka, akashika ubao na kumwita dereva. "Dere! Dere, ngoja, usiende, niko kwa mahakama!"

Carol aliziba mdomo asicheke. Kitambulisho kilionekana, kikapotea, kikaonekana tena. Maxine alisogea karibu na kioo, akasoma, akaandika. Rwamba alionyesha chake mwisho. Ilisikika sauti ya vidole vya Maxine vikigonga kibodi kule Nairobi.

"Watu wanne," Maxine alisema. "Kura nne zinarudi."

Rwamba alitoa pumzi. Nyamu alipiga mluzi juu ya lori, akaaga, kisanduku chake kikazima. Mtoto, aliposikia mluzi, akaanza kurusha miguu, na Maxine akamwona.

"Na huyo? Mbona yeye hana kitambulisho?" Sasa alikuwa anatabasamu kweli.

"Huyo ni wangu," Carol alisema upesi.

"Anaitwa nani?"

Carol alisita, na Guka akamjibia, kwa fahari ya mtu aliyeletewa baba yake upya. "Huyo ni Mbogo. Mbogo Mutuma."

"Mbogo mwingine!" Maxine alicheka. "Sasa nimewaelewa."

Hakuangalia orodha yake. Rwamba alijua orodha ilikuwa pale, wazi mbele yake, na jina lile lilikuwa ndani yake.

"Swali la mwisho, ni la utaratibu tu," Maxine alisema, akisoma sasa. "Wewe kama mwenye ombi, unathibitisha kwamba kura zote unazozifahamu zimepigwa na wenyewe, kwa hiari yao?"

Mguu wa Carol ulikanyaga wake chini ya meza. Haukukanyaga kwa nguvu. Ulibaki pale tu, ukimsihi.

Rwamba alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, ndiyo, na nyuma yake kulikuwa na kila kitu: yule dereva, yule mwanamke na mumewe, yule ambaye macho yalikuwa yanamshinda. Je, hawa wote wanyimwe kwa sababu ya mzaha wa dada yake na simu? Nani angeumia? Alimwona babu yake, na koti lake la kanisani mchana wa jua kali, amelivaa ili aaminiwe kwamba yupo. Alimwona baba yake na kitambulisho bado mkononi. Saa nzima walikuwa wameketi hapa kuthibitisha kwamba kila jina lina mtu wake. Angeanzaje sasa kutumia jina moja kama kofia isiyo na kichwa?

"Hapana," alisema. "Sithibitishi."

Mguu wa Carol ukaondoka.

"Samahani?" Maxine aliuliza.

"Kuna kura moja si ya kweli. Angalia Mbogo Mutuma. Ni huyo mtoto. Alipigiwa siku ya sherehe, kwa mzaha mzuri tu, sikujua mpaka leo kabla ya simu hii. Lakini sasa najua."

Mzee Mbogo aligeuza kichwa polepole, akamtazama Carol, halafu mtoto, halafu Rwamba. Rwamba alingoja asimame. Hakusimama.

Maxine alikuwa amevua miwani. "Unajua kwamba hiyo kura ikitoka mko sare na mchezo wa nne?"

"Najua."

"Na simu inarekodiwa. Ningeweza kusema sijasikia, lakini nimesikia." Alishusha pumzi. "Ngoja."

Akazima sauti. Walimwona akiongea na mtu asiyeonekana, akitikisa kichwa, akisoma kitu, akitikisa kichwa tena. Carol alikuwa analia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto nyweleni.

"Nimekuharibia," alinong'ona. "Miaka yako yote."

"Hujaniharibia."

"Usiniambie hivyo kunifurahisha."

"Sijui, Carol. Sijui bado." Ndivyo alivyohisi kweli.

Sauti ikarudi. "Sikilizeni," Maxine alisema. "Udanganyifu tungeugundua sisi, ombi lingefutwa. Umejisema mwenyewe kabla ya kufunga, kwa hiyo inafutwa kura peke yake. Mko sare. Kanuni ya sare ni kwamba michezo yote miwili inaweza kuchukuliwa, lakini kila mmoja lazima ufike mwisho wa sura ya kwanza kwenye mashine yetu ya Linux bila kukwama. Ule mwingine ulijaribiwa jana, ukapita. Wenu naujaribu sasa hivi, kama ulivyo, jinsi ulivyotutumia."

"Sasa hivi?"

"Ungeshinda moja kwa moja, ungekuwa na miezi ya kurekebisha kabla hatujaugusa. Hivyo ndivyo ilivyo. Ukikwama mara moja, basi."

Rwamba aliwaza mahali pamoja tu. Kulikuwa na daraja la kamba karibu na mwisho wa sura ya kwanza. Mchezaji akifika katikati, mvua huanza kunyesha. Kwenye kompyuta za aina fulani, mchezo ulikuwa ukiganda pale pale, tone la kwanza likiwa hewani. Alikuwa ameirekebisha hitilafu hiyo wiki iliyotangulia, kabla ya kuutuma mchezo, lakini aliijaribu kwenye laptopu yake tu, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Mashine yenu ni ya aina gani?" aliuliza.

Maxine aliigeuza aisome. Ilikuwa ya aina ile.

Picha ya kioo chake ikajaa kwenye kioo chao. Giza, kisha nyika nyeupe ya chumvi, kisha mchimba chumvi na fimbo yake. Ulikuwa umefunguka. Rwamba alishika ukingo wa meza. Maxine alicheza kama mtu mwenye haraka ya mkutano: alikimbia, akagonga mawe, akavamia mbwa mwitu watatu kwa mkupuo.

"Subiri!" Guka alipaza sauti. "Rudi nyuma ya jiwe, waje mmoja mmoja!"

"Guka, acha," Rwamba alinong'ona.

Lakini mchimba chumvi alirudi nyuma ya jiwe. Mbwa mwitu wakaja mmoja mmoja. "Asante, Mzee," sauti ya Maxine ilisema.

Alipita kijiji. Alimpa maji mwombaji wa langoni, jambo ambalo Guka aliliunga mkono kwa kichwa. Alipanda kilima. Daraja likatokea, refu, likibembea juu ya korongo. Sebuleni mtoto alikuwa akinyonya ngumi yake kwa kelele.

Mchimba chumvi alikanyaga ubao wa kwanza. Akaenda. Mbingu ikabadilika rangi. Katikati ya daraja, mistari myembamba ya mvua ikaonekana, na picha ikasimama.

Rwamba alikiinamia kioo. Mvua ilikuwa imesimama hewani. Mguu wa mchimba chumvi ulikuwa umeinuliwa, haukushuka.

"Imekwama?" Mzee Mbogo aliuliza.

Rwamba aligusa kioo kwa kidole. Alijua mstari wa programu ambao ungekuwa umeshindwa, aliuona kichwani neno kwa neno, na hakuwa na la kuufanya kutoka Siakago. Baba yake aliweka mkono mgongoni mwake. Mkono ulikuwa mzito, wa jembe, na haukuondoka.

"Ulifanya vizuri mpaka hapo," Mzee Mbogo alisema kwa sauti ya chini. "Na ulilosema, ulilisema vizuri."

"Halo?" Ilikuwa sauti ya Maxine, imekatikakatika. "Mbona kimya? Mnaniona? Hapa... mvua nyingi... mtandao wenu..."

"Unatembea?" Rwamba alipiga kelele. "Maxine, huko kwako, unatembea?"

Picha ikaruka. Daraja lilikuwa nyuma. Mchimba chumvi alikuwa amesimama upande wa pili, ameloa, mvua ikimshukia kama mvua ya kweli, na mbele yake mlango wa chini wa mnara ulikuwa ukifunguka. Maandishi yalipita kwenye kioo: mwisho wa sura ya kwanza.

"Nimevuka zamani," Maxine alisema. "Nilikuwa nawaambia. Haujakwama hata kidogo."

Carol alimkumbatia Rwamba kwa mkono mmoja, mtoto akibanwa katikati. Rwamba aliitikia kwa kichwa mbele ya kamera kama mtoto wa shule.

"Naandika hivi," Maxine alisema, vidole vikigonga. "Kura nne ni halali. Kura moja imefutwa. Mchezo umepita jaribio. Mnara wa Chumvi unachukuliwa."

"Madam," Mzee Mbogo alisema, akiinama kwenye kamera, "andika pia kwamba huyo mtoto atapiga kura yake mwenyewe akikua."

"Nitaandika, Mzee."

Walingoja akate simu. Hakukata. Kwenye kioo, mchimba chumvi alikuwa ameingia mlangoni na kuanza kupanda ngazi, na kivuli kikubwa kilikuwa kikishuka kumlaki.

"Mkutano wako?" Rwamba aliuliza.

"Wataningoja kidogo."

"Usimkimbilie huyo," Guka alisema, akisogeza kiti. "Ana mkia. Ngoja kwanza aupige chini."

Fimbo ikainuliwa. Kivuli kikapiga mkia, na kioo chote kikawa chekundu.

"Nimekufa," Maxine alisema.

"Si nimekwambia ungoje?" Guka alisema. "Anza tena."